Kwa mnaoanza somo la maadili ya Kikristo: mamlaka hutoka wapi, na upendo una kazi gani

Katika somo la maadili ya Kikristo, swali ambalo wanafunzi wa mwaka wa kwanza hulijibu haraka kuliko yote ni lile la upendo. Insha huanza na Maandiko, hupita kwenye mapokeo ya kanisa, kisha hufungwa kwa kusema kwamba lililo kuu ni upendo, kana kwamba sentensi hiyo imemaliza mjadala. Nimelifundisha somo hili kwa muda mrefu, na ninawaandikia ninyi mnaolianza kwa sababu naamini kwamba mjadala wenyewe unaanzia hapo, na kwa sababu wengi wenu mtakabidhiwa usharika kabla hamjalifikiria jambo hili hadi mwisho wake.

Kuhusu vyanzo vya mamlaka nitasema machache, kwa kuwa vitabu vyenu vinavieleza vizuri. Kwa kawaida huhesabiwa vinne: Maandiko, mapokeo, akili na uzoefu. Richard Hooker, mwanateolojia wa Kianglikana aliyefariki mwaka 1600, alijenga hoja zake juu ya vitatu vya kwanza. Mpangilio wa vinne huhusishwa na John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, ingawa aliyeupa jina ni Albert Outler, msomi wa Kimethodisti wa Marekani, katika karne ya 20. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, katika kikao cha mwaka 1546, ulitamka kwamba Maandiko na mapokeo yapokewe kwa heshima iliyo sawa, ilhali Walutheri walishikilia kwamba Maandiko peke yake ndiyo kipimo cha mafundisho yote. Ugomvi huo, ukiutazama vizuri, ulihusu chanzo kipi kiwe na neno la mwisho pale vinapopingana. Kwa hiyo, kabla hamjaandika lolote, jueni kanisa lenu limevipanga vipi, na mseme hivyo waziwazi.

Chukueni suala la mitala, ambalo limelisumbua kanisa la Afrika kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1888 maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth, London, waliamua kwamba watu wanaoishi katika mitala wasibatizwe, bali wawekwe chini ya mafundisho mpaka watakapokuwa katika hali ya kuipokea sheria ya Kristo. Maandiko hayakukosekana: Mwanzo 2:24 inasema mwanamume ataambatana na mkewe, nao watakuwa mwili mmoja, na 1 Timotheo 3:2 inamtaka askofu awe mume wa mke mmoja. Mapokeo nayo yalikuwa ya karne nyingi. Lakini tazameni uamuzi huo ulivyofika kijijini. Mume aliyetaka ubatizo alibaki na mke mmoja na kuwaacha wengine. Mke wa pili aliyeachwa alirudi kwa kaka zake, ambao huenda mahari yake walikwisha kuitoa kwa ndoa zao wenyewe. Shamba alilolima miaka yote lilikuwa la ukoo wa mume. Na katika jamii zinazofuata ukoo wa baba, watoto walibaki kwa ukoo wa mume. Wala hakuwa amekosa lolote, kwa maana aliolewa mbele ya wazee wa pande zote mbili.

Someni tena Maandiko mkiwa na mama huyo mbele yenu, nayo mistari iliyo rahisi kurukwa itaanza kudai nafasi yake. Kutoka 21:10 inamwagiza mwanamume aliyeongeza mke asimpunguzie wa kwanza chakula wala mavazi. Malaki 2:16 inasema Bwana anachukia kuachana. John William Colenso, askofu wa Kianglikana wa Natal, Afrika Kusini, alikuwa amekwisha kuipinga desturi hiyo ya kuwatenganisha tangu miaka ya 1850, lakini ilipita karne nzima kabla ya maaskofu kubadili msimamo. Mwaka 1988, katika Azimio la 26, ambalo Askofu David Gitari wa Kenya alikuwa miongoni mwa waliosukuma hoja yake, Mkutano wa Lambeth uliruhusu mume wa mitala abatizwe pamoja na wake na watoto wake wanaoamini, kwa masharti kwamba aahidi kutooa tena maadamu yupo hata mmoja wa wake zake aliye hai, kwamba kanisa la mahali pale liridhie kumpokea, na kwamba asilazimishwe kumwacha mke yeyote, kwa sababu ya dhiki ambayo ingewapata wanawake hao katika jamii.

Naomba mkae hapo kidogo. Azimio lilianza kwa kushikilia kwamba ndoa ya mke mmoja ndiyo mpango wa Mungu, wala halikuligeuza hilo. Upendo haukuja kama chanzo cha tano cha kuvishinda vile vinne. Kazi yake ilikuwa kuuliza ni nani anayebeba gharama ya utii wa mwingine, na kwa swali hilo ukalirudisha kanisa kwenye Maandiko yaleyale kuyasoma kwa ukamilifu zaidi. Ndivyo ninavyomwelewa Paulo anaposema katika Warumi 13:10 kwamba pendo halimfanyii jirani neno baya, na kwamba ndilo utimilifu wa sheria.

Joseph Fletcher, mwanateolojia wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1966 kuhusu maadili yanayoamuliwa kwa hali ya kila tukio (situation ethics), alikwenda mbali zaidi, akafundisha kwamba upendo ndio kanuni pekee isiyotanguka na kwamba kila sheria nyingine inaweza kuwekwa kando pale upendo unapodai. Vijana wengi huvutiwa naye. Mimi simfuati, na sababu yangu ni Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika Kaskazini. Katika mahubiri yake juu ya Waraka wa Kwanza wa Yohana, yapata mwaka 407, alisema, “Penda, kisha fanya utakalo.” Maneno hayo hunukuliwa kama wimbo wa uhuru. Lakini katika mahubiri hayohayo anatoa mfano wa baba anayempiga mtoto na mfanyabiashara wa watumwa anayembembeleza, ili kuonyesha kwamba ukali unaweza kutoka kwenye upendo. Na katika miaka hiyohiyo alitetea sheria za dola zilizowashurutisha Wadonati, Wakristo wa Afrika Kaskazini waliojitenga, kurudi katika kanisa lake, akitaja Luka 14:23 na kutoa ushahidi wa mji wake mwenyewe, ambao alisema uliletwa kwenye umoja kwa hofu ya sheria hizo. Alikuwa na Maandiko, alikuwa na uzoefu, na sina shaka kwamba aliwapenda. Uzoefu aliouhesabu, hata hivyo, ulikuwa wa upande ulioshinda.

Kwa hiyo, mkitaja uzoefu katika kazi zenu, andikeni ni uzoefu wa nani. Mkitaja upendo, watajeni kwa majina ya hali zao watu wote wanaoguswa na uamuzi: mke wa pili, mtoto wa mwisho, mzee wa kanisa aliyemwacha mke wake miaka ishirini iliyopita kwa kutii agizo la zamani, na ambaye sasa anaona jirani yake akibatizwa na wake watatu. Mnukuu mstari unaowapinga kabla ya ule unaowaunga mkono. Kisha, kwa insha yenu ya kwanza, rudini kwenye masharti ya mwaka 1988, mwone kwamba ridhaa ya kanisa la mahali pale inatajwa, na ridhaa ya wake haimo, mkatafute kueleza kwa nini.