Urefu wa kilele hautoshi kupima ugumu wa njia

Ndugu, umeuliza kama mtu aliyezoea kupanda Sierra Nevada, safu ya milima ya California, Marekani, ambako Mount Whitney unafika mita 4,421, ataona Mount Washington, wenye mita 1,917 tu katika White Mountains, milima ya jimbo la New Hampshire, kaskazini mashariki mwa Marekani, kuwa ni rahisi. Kwa maoni yangu, hapana. Njia nyingi za Sierra Nevada zilichongwa ili nyumbu wa mizigo waweze kupita, kwa hiyo hupanda polepole kwa kupindapinda, na adui mkubwa huko ni hewa nyembamba, ambayo humletea kichwa kuuma na kichefuchefu yule asiyejipa siku za kuzoea. Katika White Mountains njia nyingi za zamani hupanda moja kwa moja juu ya mawe makubwa na mizizi iliyolowa, kiasi kwamba kila hatua unaitafutia pa kukanyaga, na kushuka huumiza magoti kuliko kupanda. Upepo nao si wa kudharauliwa: mwaka 1934 ulipimwa ukivuma kilomita 372 kwa saa kwenye kilele cha Mount Washington. Nakusihi uangalie kwanza mita unazopanda kwa kila kilomita, na ubebe nguo za baridi hata mwezi Julai.