Somo la afya ya uzazi katika shule za California: maswali ya wazazi

Kila mwaka wa shule unapoanza, mikoba ya watoto hurudi nyumbani na karatasi nyingi, na mojawapo huwatia wazazi wasiwasi kuliko nyingine zote: ile inayoarifu kwamba mwanafunzi atafundishwa afya ya uzazi. Maswali yafuatayo yametoka kwa wazazi wazungumzao Kiswahili waishio San Diego.

Mwanangu yuko darasa la saba. Barua ya somo hili ilifika, nami sikuijibu kwa sababu sikuielewa. Je, nimekwisha kukubali?

Kisheria, ndiyo. Sheria ya Vijana Wenye Afya ya California, iliyoanza kutumika Januari 1, 2016, inazitaka shule za umma zifundishe afya ya uzazi na kinga ya VVU angalau mara moja katika shule ya kati na mara moja katika sekondari. Shule inalazimika kumwarifu mzazi, lakini hailazimiki kungoja saini yake. Mzazi akinyamaza, mtoto ataingia darasani pamoja na wenzake. Hata hivyo, maadamu vipindi havijafundishwa, bado unaweza kumwombea ruhusa ya kutohudhuria. Ombi lazima liwe la maandishi, kwa hiyo usitegemee maneno uliyomwambia mwalimu mlangoni. Andika tarehe, kisha ubaki na nakala.

Ninaweza kuona wanachofundishwa kabla sijaamua? Kiingereza changu ni kidogo.

Unaweza, na ningekusihi ufanye hivyo kabla ya jambo jingine lolote. Sheria inakupa haki ya kukagua maandishi na video zote za somo hili. Niliwahi kuketi na mama mmoja katika ofisi ya shule akifunua kurasa moja moja, mtandio ameushika kidevuni, akitarajia picha za aibu. Alikuta mchoro wa mji wa mimba kama ule unaobandikwa ukutani kliniki, akakuta ukurasa unaomfundisha msichana namna ya kumkatalia mtu anayemshikashika, na huo akaomba asomewe mara mbili. Ukurasa wa kondomu haukumpendeza, naye alisema hivyo waziwazi. Aliondoka akijua hasa anachokikataa na anachokikubali.

Kuhusu lugha, shule zinazopokea fedha za serikali kuu zina wajibu wa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoifahamu, basi omba mkalimani mapema. Tafadhali usimtumie mtoto mwenyewe. Nimemwona kijana wa miaka 12 akitakiwa kumtafsiria baba yake majina ya sehemu za siri mbele ya mwalimu. Mtoto aliinamisha kichwa, baba akatazama dirishani, na wote wawili wakatoka bila kuelewa lolote.

Nikimtoa, ataadhibiwa au kupunguziwa alama? Na je, nitakuwa nimemtoa katika kila kitu?

Haruhusiwi kuadhibiwa wala kupunguziwa alama, na shule inapaswa kumpa shughuli nyingine ya masomo. Lakini ruhusa hiyo ina mipaka: sheria ya jimbo haiihusishi na mafunzo kuhusu jinsia, mwelekeo wa kimapenzi, ubaguzi na unyanyasaji, ikiwa mafunzo hayo hayagusi viungo vya uzazi na kazi zake. Hapo ndipo wazazi wengi wa dini wanapokwama. Juni 27, 2025, Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 6 dhidi ya 3, iliwapa wazazi wa wilaya ya Montgomery, Maryland, Waislamu na Wakristo, haki ya kuarifiwa na kuwatoa watoto wao katika vipindi vya vitabu vya hadithi kuhusu mambo hayo, wakati kesi yao ikiendelea. Ikiwa pingamizi lako ni la kidini, utaje uamuzi huo katika barua yako.

Ndugu yangu wa Texas anasema kwao mtoto hafundishwi mpaka mzazi asaini. Mbona hapa ni kinyume?

Kwa sababu kila jimbo hujitungia sheria zake za elimu. Texas ilipitisha mwaka 2021 sheria ya kutaka idhini ya maandishi kwanza. California inazikataza shule kudai idhini ya namna hiyo.

Kwetu kazi hii ni ya bibi, shangazi au kungwi. Kwa nini nimwachie mwalimu nisiyemjua?

Swali lako nalielewa, maana mimi pia nilifundwa na shangazi. Ila bibi yuko Tanga au Bukavu, mama anafanya kazi zamu ya usiku, na binti ana simu mkononi. Nimewaona wazazi wakiandika barua ya kumtoa mtoto kwa ajili ya mila, kisha miezi ikapita bila mtu yeyote wa mila hiyo kuketi naye. Sheria yenyewe inataka somo liwahimize wanafunzi kuzungumza na wazazi wao, kwa hiyo hata akihudhuria, unayo nafasi ya kumuuliza jioni walichofundishwa na kumweleza msimamo wa nyumbani kwenu. Ukiona bado ni bora kumtoa, mpigie shangazi yake kwanza, mpange siku atakayokuja kukaa na binti, ndipo uandike barua.