Maswali ya Wasomaji: Nta ya Soya, Utambi na Mshumaa wa Gilasi

Barua kuhusu mishumaa ya nta ya soya zimetufikia kutoka mitaa mingi ya Lubumbashi, nasi tumechagua nne. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu, kwa sababu tatizo lake ndilo linalowasumbua karibu wote wanaoanza kazi hii nyumbani.

Swali la kwanza

Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mama mkazi wa Kampemba, nauza mishumaa ya gilasi kwa ajili ya harusi na komunio. Nta ya soya naletewa kutoka Afrika Kusini kupitia Kasumbalesa. Gilasi zangu zina upana wa sentimita 7. Mshumaa huwaka vizuri kwa muda wa saa moja, kisha huchimba shimo katikati, nta ya pembeni ikabaki imeganda, na mwishowe moto huzama ukazimika. Niliambiwa soya ni laini mno, nichanganye na nta ya nyuki. Nilitia sehemu moja ya tano, na shimo likazidi kuwa jembamba. Utambi nautoa katika mishumaa ya kawaida ya dukani. Je, mchanganyiko sahihi ni upi?

Jibu

Mama, kabla ya kugusa tena nta, badilisha utambi. Mchanganyiko wako unalaumiwa kwa kosa lisilo lake. Mshumaa wa dukani una upana wa sentimita 2 hivi, umetengenezwa kwa parafini (nta inayotokana na mafuta ya petroli), na utambi wake umepimwa kuyeyusha upana huo tu. Wewe umeuhamishia kwenye gilasi yenye uso wa nta mkubwa zaidi ya mara 12, tena kwenye nta ya aina nyingine kabisa. Moto huyeyusha kile unachoweza kukifikia, hushuka nacho, na nta ya pembeni hubaki imesimama kama ukuta wa kisima hadi utambi unapozama.

Nta ya nyuki imeuongezea utambi huo mzigo. Nta ya soya inayouzwa kwa ajili ya vyombo huyeyuka kwenye nyuzijoto kati ya 45 na 55 za Selsiasi, kulingana na aina yake, ilhali nta ya nyuki huyeyuka kwenye 62 hadi 64, na hata ikishayeyuka hupanda kwa uzito zaidi katika pamba ya utambi. Hata hivyo, aliyekushauri hakukosea kwa kila jambo. Nta ya nyuki ya misitu yetu ya miombo ni nzuri, na sehemu 1 kwa 10 huipa soya ugumu wa kuvumilia joto la Septemba na Oktoba, wakati ambapo soya tupu hulainika na kutoa matone ya mafuta juu yake. Lakini hiyo ni dawa ya ulaini, haitibu shimo. Halafu ichuje kwanza, Mama, kwa kitambaa safi ikiwa bado ya moto, kwani nta ya mizinga ya magome huja na vumbi la magome, vipande vya masega meusi na miguu ya nyuki, na uchafu huo wote huishia kwenye utambi ukauziba.

Jaribio lenyewe lifanye hivi. Chukua gilasi 3 za aina moja zenye kuta nene, kama zile za jamu. Bilauri nyembamba za kunywea maji ziache kabisa, maana hupasuka. Yeyusha soya tupu katika sufuria moja ili gilasi zote zipate nta ileile, na kama mishumaa yako huwa na manukato, yatie kwa kipimo kilekile unachouzia, kwa sababu manukato nayo hubadilisha namna nta inavyopanda na kuungua. Kitu kimoja tu kitofautiane, nacho ni unene wa utambi. Wauzaji wa vifaa hivi huzipanga tambi kwa namba. Agiza namba wanayoipendekeza kwa sentimita 7, pamoja na inayoitangulia na inayoifuata. Bandika karatasi chini ya kila gilasi, uandike namba ya utambi na tarehe ya kumimina. Kisha uziache zitulie kwa wiki 1 ikiwa una haraka, au wiki 2 ikiwa unaweza kusubiri, kwa kuwa nta ya soya huendelea kujipanga ndani kwa ndani siku nyingi baada ya kuonekana imeganda, na mshumaa uliomiminwa jana hauwaki sawa na ule atakaouwasha mteja wako.

Siku ya kuwasha, kata kila utambi ubaki na milimita 6. Weka gilasi juu ya sinia la chuma mahali pasipo na upepo, uziachanishe ili zisipashane joto, uziwashe kwa saa 4 bila kutoka nyumbani. Kila saa pima kwa rula upana wa dimbwi la nta iliyoyeyuka, na uandike urefu wa moto, kama kuna masizi kwenye mdomo wa gilasi, na kama kichwa cheusi kimejitokeza kwenye ncha ya utambi. Umeme ukikatika katikati ya jaribio, endelea tu, maana mteja wako naye atauwasha usiku kama huo. Saa 4 zikiisha, zima, acha nta igande kabisa, kata utambi tena, na urudie hadi ibaki nta ya sentimita 1 chini.

Hapo ndipo wengi huishia njiani. Huwasha mara moja, wakaona dimbwi limefika ukutani ndani ya saa ya kwanza, wakafurahi, wakaagiza tambi za namba hiyo kwa wingi. Dimbwi linalofika ukutani upesi namna hiyo ni dalili mbaya. Kadiri mshumaa unavyoshuka ndani ya gilasi ndivyo joto linavyonaswa na kuta, na utambi uliokuwa na nguvu za kutosha juu huwa na nguvu za kupita kiasi chini: gilasi haishikiki kwa mkono, moto unarefuka na kutoa moshi, na chombo kinaweza kupasuka juu ya kitambaa cha meza ya harusi. Utambi mzuri kwa gilasi yako ni ule unaoyeyusha uso wote, au karibu wote, kati ya saa ya tatu na ya nne, ukaacha dimbwi lenye kina cha sentimita 1 hivi. Ukibakiza ukanda mwembamba wa nta pembeni mara ya kwanza, usiutupe utambi huo. Mara nyingi ukanda huo huyeyuka wenyewe katika awamu zinazofuata. Ikiwa una mizani ndogo, pima gilasi kabla na baada ya kila awamu. Nta inayoliwa kwa saa ikiongezeka sana kuelekea chini, shuka namba moja.

Ukishaupata utambi wa soya tupu, ndipo urudi kwenye mchanganyiko wa sehemu 1 kwa 10, na urudie jaribio kuanzia mwanzo. Usishangae ukihitaji namba iliyo juu yake. Kwa gilasi pana zaidi, za sentimita 9 au 10, kuliko kutafuta utambi mmoja mnene sana, tambi 2 za wastani zilizoachanishwa huyeyusha uso kwa usawa zaidi na moto wake huwa mfupi.

Swali la pili

Mhariri, mimi ni kijana wa Katuba. Tambi za kuagiza ni ghali. Je, naweza kusuka uzi wa pamba mwenyewe? Pia kuna jamaa anayeniuzia tambi zenye waya katikati. Je, ni salama?

Jibu

Kijana wetu, kusuka inawezekana, ila hakikisha uzi ni pamba tupu. Choma ncha yake: pamba huacha majivu laini na harufu ya karatasi iliyoungua, ilhali uzi wa nailoni au polista huyeyuka ukawa shanga ngumu nyeusi. Usipindishe uzi tu, usuke hasa, mikono mitatu. Utambi uliopindwa husimama wima katikati ya moto, ncha yake haiungui vizuri, na zamani watu walilazimika kukaa na mkasi karibu na mshumaa. Mfaransa Cambacérès alipoanza kuusuka mnamo 1825, utambi ulianza kujikunja kadiri unavyowaka, ncha ikatokeza nje ya moto na kuteketea yenyewe. Ukimaliza kusuka, uzamishe katika nta ya moto hadi viputo vikome, uutoe, uunyooshe na uuache ukauke ukiwa umenyooka.

Ugumu wa utambi wa nyumbani ni kwamba mkono haukazi sawasawa kila siku. Utambi uliosukwa Jumatatu na ule wa Alhamisi ni tambi mbili tofauti, na kila fungu linahitaji jaribio lake. Kwa mishumaa ya kuwasha nyumbani kwako haidhuru. Kwa mishumaa ya kuuza, gharama ya tambi za kuagiza mara nyingi ni ndogo kuliko ya gilasi na nta utakazopoteza.

Kuhusu waya, sugua ncha yake juu ya karatasi nyeupe. Ikiacha alama ya kijivu kama ya penseli, huenda ni madini ya risasi, na hiyo usiiwashe hata mara moja, kwa kuwa mshumaa wenye risasi hutoa sumu hewani. Marekani ilipiga marufuku tambi za aina hiyo mwaka 2003. Waya wa zinki hauachi alama. Hata hivyo, kwa nta ya soya utambi wa pamba usio na waya wowote unatosha, na ukishikiliwa na kibati chake chini hautaanguka.

Swali la tatu

Ndugu Mhariri, mishumaa niliyomimina mwezi wa Julai imetokea mabaka meupe kama ukungu, na ubavuni kuna sehemu zinazoonekana kama zimelowa. Je, nimeuziwa nta mbovu? Nauliza pia: huku tunalima soya, kwa nini tusitengeneze nta hiyo wenyewe? Mwalimu, Ruashi.

Jibu

Bwana Mwalimu, nta yako ni nzima. Mabaka meupe ni fuwele za mafuta ya soya zinazojipanga upya nta inapopoa vibaya. Ni kawaida ya soya, hayapunguzi mwanga wala harufu, na wapo wanaoyapenda kwa kuwa yanaonyesha kwamba nta si parafini. Zile sehemu zinazoonekana kama zimelowa hazina maji. Ni mahali ambapo nta imejikunyata na kuachana na gilasi, hewa ikaingia kati.

Yote mawili huchochewa na baridi, na usiku wa Julai hapa Lubumbashi vipimajoto hushuka chini ya nyuzi 10. Pasha gilasi joto kidogo kabla ya kumimina, mimina nta ikiwa imepoa hadi nyuzi 55 hivi, kisha funika gilasi kwa katoni ili zipoe polepole hadi asubuhi. Usiziweke juu ya sakafu ya saruji. Wengine hupitisha pumzi ya moto ya kikausha nywele juu ya uso wa mshumaa ili kuusawazisha. Huo ni urembo tu, hausaidii ubavuni. Mshumaa wenye mabaka bado unafaa kwa jaribio la utambi.

Kuhusu soya ya mashambani: mafuta yake ni ya majimaji, na kuyageuza kuwa nta kunahitaji kuyaunganisha na haidrojeni kwa joto na mgandamizo mkubwa, mbele ya kichocheo cha nikeli. Hiyo ni kazi ya kiwanda, na haijaribiwi nyumbani.

Swali la nne

Je, naweza kutia marashi ya kujipulizia katika nta? Msomaji wa Kipushi.

Jibu

La, ndugu msomaji. Marashi ya mwilini yana kilevi kingi, hayachanganyiki na nta, na yanashika moto haraka. Hata ukiyatia katika nta iliyoyeyuka juu ya mbabula (jiko la makaa), mvuke wake peke yake unaweza kuwaka. Nunua mafuta ya manukato yaliyotengenezwa kwa mishumaa na uanze na asilimia 6 ya uzito wa nta: gilasi ya nta ya gramu 170 hupewa gramu 10 hivi. Pima kwa mizani, usipime kwa kifuniko cha chupa. Yeyusha nta katika chombo kilichokaa ndani ya sufuria ya maji. Kwa mwinuko wetu wa mita 1,200 hivi maji huchemka kwenye nyuzi 96 au karibu, kwa hiyo bado utaifikisha nta kwenye 85, ambapo manukato hutiwa, kisha ukoroge polepole kwa dakika 2. Nta ikishika moto, funika kwa kifuniko cha chuma na usimwage maji kamwe.

Ukihama kutoka manukato ya mchaichai kwenda ya vanila, hata kwa asilimia ileile, washa gilasi moja ya majaribio kabla ya kumimina shehena nzima, kwa kuwa vanila nyingi ni nzito na huuziba utambi uliowaka vizuri na mchaichai.