Maswali ya Wasomaji: Sanduku la Picha Alilotuachia Mama

SWALI: Ndugu Mhariri, mama yetu alifariki mwaka jana akatuachia sanduku la bati lenye picha za familia tangu enzi za babu. Ndani yake mna picha za studio zisizo za rangi, albamu mbili za miaka ya 1980 zenye kurasa za kunata, bahasha ya negativi zinazonuka siki, na picha ya harusi ya wazazi iliyogandamana na kioo cha fremu. Shangazi, ambaye ndiye pekee anayezitambua sura zote, ana miaka 84. Kaka yetu aliyeko Muscat anataka tugawane sasa, kisha picha zote zirushwe katika kundi la familia la WhatsApp. Mdogo wetu anasema tungoje mpaka tupate fedha za skana. Tuanze wapi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Poleni kwa msiba, na mmefanya vyema kuuliza kabla ya kugawana. Familia nyingi huanza na picha kongwe kwa kudhani ndizo zilizo hatarini zaidi, ilhali utaratibu unaofaa ni kuanza na kile kitakachopotea mapema kuliko vingine, na katika sanduku lenu kitakachopotea mapema ni majina. Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji skana hata kidogo: mchukueni shangazi kwa vipindi vifupi asichoke, mweke simu irekodi sauti, mumwonyeshe picha moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa imepewa namba. Msimuulize tu "Huyu ni nani?" Muulizeni pia nyumba ile ilikuwa mtaa gani, shughuli ilikuwa ya nani, na nani alikuwapo lakini hakupigwa picha. Majibu yaandikwe daftarini kwa kufuata namba zile. Nyuma ya picha yenyewe andikeni kwa penseli laini ya 2B, pembeni, bila kukandamiza. Kalamu ya wino huvuja na alama yake hujitokeza mbele. Picha za miaka ya 1970 na kuendelea mara nyingi zina utando wa plastiki mgongoni usioshika penseli vizuri, na hizo ni afadhali maelezo yake yakae kwenye bahasha.

Baada ya majina zifuate picha za rangi. Wengi hushangaa kusikia hivyo, lakini picha isiyo ya rangi iliyosafishwa ipasavyo studio hujengwa kwa chembe za fedha na huweza kudumu zaidi ya miaka 100, wakati picha ya rangi ya miaka ya 1970 au 1980 imejengwa kwa rangi za kikemia zinazofifia hata zikiwa gizani, na joto la pwani huharakisha kufifia huko. Ndiyo maana picha za namna hiyo huonekana zimegeuka nyekundu: rangi ya samawati imetangulia kufa.

Albamu za kunata ni adui mwingine, kwa sababu gundi yake hugeuka manjano na kushika picha kwa nguvu zaidi kila mwaka upitao. Kabla ya kubandua chochote, pigeni picha kila ukurasa mzima pamoja na maandishi yake, maana mpangilio alioufanya mama nao ni taarifa. Kisha pitisheni uzi wa kusafishia meno nyuma ya picha, taratibu, kama anayekata sabuni ya mche. Inayokataa iacheni ilipo. Picha ya harusi iliyogandamana na kioo msiivute kabisa, kwani utando wa jelatini unaobeba sura utabaki kwenye kioo. Inakiliwe ikiwa hapo hapo, nyuma ya kioo chake.

Harufu ya siki ni dalili kwamba plastiki ya negativi inaoza na kutoa asidi, na mvuke huo huambukiza zilizo jirani. Zitengwe leo, ziwekwe mahali pa baridi penye kupitisha hewa, wala zisifungiwe ndani ya chombo kisichopumua.

Skana si lazima mnunue. Tafuteni ya kuazima au mtu wa duka la stesheneri anayefanya kazi kwa uangalifu. Sisitizeni nukta 600 kwa inchi, na nukta 1200 kwa vipicha vidogo vya pasipoti. Nakala ziwe tatu, na moja ikae mbali na Tanga. Hapo kaka wa Muscat ana kazi ya kufanya. WhatsApp hupunguza ubora wa picha, kwa hiyo mkituma, tumeni kama dokumenti. Nakala halisi zigawanywe baada ya kunakiliwa zote, si kabla.

Hilo la kurusha zote kundini silikubali. Katika masanduku ya pwani hamkosi picha za ndani za harusi, zilizopigwa wanawake peke yao wakiwa bila buibui, kwa makubaliano kwamba hazitatoka nje ya chumba. Walio hai waulizwe mmoja mmoja; kwa waliotangulia, shangazi ndiye wa kushauriwa.

Sanduku lenyewe lipumzishwe, kwa kuwa bati hutoa jasho na kushika kutu wakati wa masika. Wekeni picha ndani ya bahasha za karatasi isiyo na asidi, kabatini, juu ya sakafu na mbali na ukuta wa nje, bila naftalini.

SWALI: Nina picha ya bibi iliyopigwa studio Mombasa, haina tarehe. Nitajuaje ni ya mwaka gani? (Msomaji, Kilifi)

JIBU: Igeuze kwanza. Mhuri wa studio hutoa mpaka wa chini: picha yenye mhuri wa Parekh Studio ya Mombasa haiwezi kutangulia mwaka 1942 ilipofunguliwa, kama ambavyo ya Capital Art Studio ya Zanzibar haiwezi kutangulia 1930. Anwani nayo husema. Iliyokuwa Kilindini Road ndiyo leo Moi Avenue, na Moi alishika urais mwaka 1978. Uwe na tahadhari, kwani mwenye studio huweza kutumia mhuri wa zamani miaka kadhaa. Nguo zisikudanganye pia, maana baadhi ya studio ziliazimisha makoti na tai. Kanga ni shahidi bora zaidi: ikuze picha usome maandishi yake, kwa kuwa maneno ya hati za Kiarabu kwa kawaida ni ya zamani kuliko ya herufi za Kirumi, na bibi wa rika lile akisomewa jina la kanga mara nyingi hukumbuka ilitoka msimu gani na nani alinunua doti ya kwanza mtaani.