Je, Porter amepitwa na wakati?

Swali: Ndugu Mhariri, naandika tasnifu ya uzamili kuhusu ushindani wa makampuni. Msimamizi wangu anataka niachane na nguvu tano za Porter, ilhali darasani bado tunafundishwa hizo hizo. Ni nani aliyethibitisha kwamba Porter alikosea? — *Mwanafunzi, Morogoro*

Jibu: Hakuna, na katika taaluma ya mkakati ni nadra nadharia kuondoka kwa kushindwa hoja, kwa kawaida swali lake ndilo linalohama. Michael Porter wa Harvard, katika makala ya mwaka 1979 na kitabu cha 1980, aliwafanya watafiti waitazame sekta kama chimbuko la faida, kwa kupima nguvu tano zinazoibana: washindani waliopo, washindani wapya, bidhaa mbadala, wateja na wauzaji wa malighafi. Mwaka 1985 Richard Schmalensee alipima akaona kweli sekta ina uzito mkubwa. Mwaka 1991 Richard Rumelt, kwa takwimu pana zaidi, akakuta kwamba tofauti za faida ndani ya sekta moja zinazidi zile za baina ya sekta. Hapo watu wakaanza kuuliza kwa nini wafanyabiashara wawili wa bidhaa ileile hawapati sawa.

Jibu moja lilikuwa limekwisha kuandikwa. Mwaka 1984 Birger Wernerfelt alieleza kwamba kampuni itazamwe kwa rasilimali zake, wazo ambalo Edith Penrose alikuwa ameligusa tangu 1959, lakini kwa miaka kadhaa ni wachache waliomjali Wernerfelt. Ilibidi C. K. Prahalad na Gary Hamel wawaandikie mameneja mwaka 1990, na Jay Barney aweke masharti ya rasilimali inayoipa kampuni ubora wa kudumu, masharti yanayoweza kufanyiwa utafiti, mwaka 1991, ndipo mwaka 1994 jarida lililoichapisha makala ya Wernerfelt likaipa tuzo. Makala ilikuwa ileile. Wasomaji ndio waliobadilika.

Nadharia hiyo ya rasilimali nayo haikusalimika. Mwaka 2001 Richard Priem na John Butler waliilaumu kwamba inajizungusha, kwa kuwa thamani ya rasilimali hutambuliwa kwa faida ambayo rasilimali hiyo inadaiwa kuieleza. Barney alijibu, na nadharia ikaendelea kunukuliwa.

Kwa hiyo usihesabu marejeo tu. Wengi humtaja Porter ukurasa wa kwanza kama mpita njia anayesalimia wazee barazani, kisha hawamtumii tena, na kwa maoni yangu huko ndiko kufifia kwenyewe. Ikiwa tasnifu yako inachunguza shinikizo la wateja, wauzaji wa malighafi na washindani wapya juu ya sekta nzima, mtetee Porter mbele ya msimamizi wako. Ikiwa inalinganisha kampuni mbili za sekta moja, msimamizi ana haki.