Mama kukakamaa mabega na nyonga kila asubuhi: usikubali kuambiwa ni uzee tu

Ndugu, umesema mama yako mwenye miaka 68 ameanza ghafla kuumwa mabega yote mawili na nyonga, asubuhi hawezi hata kujigeuza kitandani, na zahanati wamekuambia ni uzee. Nami niliambiwa hivyohivyo, nikakubali. Mama yangu akateseka miezi minne bure, ndiyo maana nakujibu kwa kirefu.

Alikuwa na miaka 71. Kilichonipoteza ni kwamba asubuhi alishindwa kuinua mikono ajifunge kilemba, dada akawa anamvisha, lakini ikifika saa sita mchana unamkuta uani anachambua mchele. Nikadhani anadeka. Hadi leo linaniuma. Kumbe ugonjwa wenyewe ndivyo ulivyo: mwili hukakamaa asubuhi kwa zaidi ya dakika 45, kisha hulegea kadiri jua linavyopanda. Uzee hauingii ndani ya wiki mbili.

Unaitwa polimialjia rumatika. Huwapata waliovuka miaka 50, hasa wenye 70 na kitu, wanawake zaidi kuliko wanaume. Unajulikana zaidi Ulaya ya kaskazini, kwa hiyo huku kwetu si rahisi daktari aufikirie mapema. Kinga ya mwili huwasha uvimbe kwenye viungo vya mabega na nyonga, na kwenye vifuko vya majimaji vilivyo pembeni yake. Mgonjwa atakuambia misuli inauma, ila misuli yenyewe ni mizima.

Omba apimwe damu, ESR na CRP, vipimo vinavyoonyesha kama kuna uvimbe mwilini. Kwa mama vyote vilikuwa juu sana. Vipimo hivyo peke yake havithibitishi; daktari alihakikisha kwanza kwamba si baridi yabisi, matatizo ya tezi ya shingoni, maambukizi wala saratani. Ndipo akampa predinisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, miligramu 15 kwa siku. Siku ya tatu mama alijifunga kilemba mwenyewe. Nililia.

Sasa sikia hapa. Alipopata nafuu aliacha vidonge bila kutuambia, na maumivu yakarudi yote. Dawa hii hupunguzwa kidogokidogo, mara nyingi kwa mwaka mmoja au miwili. Ukiikata ghafla, mwili unakuwa umeshasahau kutengeneza homoni yake wenyewe inayofanya kazi kama dawa hiyo, na mgonjwa anaweza kuzidiwa vibaya. Pia hupandisha sukari na presha, na hudhoofisha mifupa. Mama anapimwa sukari kila kliniki na anatumia kalsiamu na vitamini D. Tafadhali usimnunulie duka la dawa kwa kusikia kwangu.

Ugonjwa huu una mwenzake unaoshambulia mishipa ya damu ya kichwani, na huo hupofusha. Kwa hiyo leo jioni muulize mama: kichwa kinamuuma kwa namna ambayo hajawahi kuizoea? Ngozi ya kichwa inauma akichana nywele? Taya zinachoka akitafuna? Macho yanafifia au anaona vitu viwiliviwili? Akijibu ndiyo hata kwa moja, mpeleke hospitali usiku huohuo.