Upekee wa mara kumi na mbili

"Kamwene," anaanza mwalimu wa fizikia aliyeniandikia kutoka Iringa. Anaandaa maelezo ya Kiswahili kuhusu amplitudi za mtawanyiko, yaani hesabu zinazoeleza uwezekano wa matokeo ya chembe kugongana, katika nadharia za uga za kikwanta (nadharia za chembe ndogo kabisa) zenye vipimo viwili, zile zinazotatulika kikamilifu. Amekwama kwenye jina la mahali ambapo amplitudi inapanda bila kikomo. Yeye alifikiria "poli", kutoka Kiingereza pole, mwenzake akamshauri "upekee", kutoka singularity. Lipi sahihi?

Hakuna, mwalimu. Andika "ncha". Mwanafunzi anaijua Ncha ya Kaskazini tangu shule ya msingi, na Wazungu nao wametumia neno moja kwa ncha za dunia na kwa hizi za hesabu. "Poli" huku Mbeya, ambako l na r hubadilishana ndimini, wengi watasikia pori.

Lakini "upekee" ndio ulionikaa kooni, tena kwa miaka. "Pekee" limetoka kwenye "peke". Mtoto wa pekee hana kaka wala dada, basi. Leo kila kitu ni cha kipekee: harusi ya kipekee, ofa ya kipekee, mgeni rasmi wa kipekee. Nenda Mwanjelwa. Muuzaji ananadi viazi vya kipekee kutoka Uporoto. Wa pembeni yake naye ananadi vya kipekee, kutoka Uporoto hiyohiyo, pengine vimeshuka kwenye lori lilelile. Magunia ishirini yamepangwa mstari mmoja, na kila gunia ni la pekee! Kama viazi havinyonyi mafuta, sema havinyonyi mafuta. Mama mwenye kikaango atakuelewa. Kama ni vikavu, sema ni vikavu. Kiswahili kina bora, adimu, teule na aali, na yote yanalala njaa kwa sababu ya neno moja lililonenepa.

Sasa uhamishie unene huo kwenye fizikia. Katika nadharia hizo chembe hutembea kwenye mstari mmoja. Ukijumlisha wakati, ndivyo vipimo viwili. Zikigongana, idadi yake haibadiliki, na mgongano wa chembe nyingi huchambuka ukawa migongano ya mbili mbili. Amplitudi ya hizo mbili, ukiifuata hadi kwenye namba changamani (zenye kipeo cha pili cha hasi moja ndani yake), ndipo unapokutana na ncha. Kila ncha ina daraja, yaani mara ngapi imejirudia mahali palepale. Ncha ya daraja la kwanza kwa kawaida inatangaza kwamba chembe mbili zinaweza kushikana zikawa chembe nyingine. Ila zipo pia za daraja la pili, na mwaka 1978 wanafizikia Coleman na Thun walionyesha kwamba zile za nadharia ya sine-Gordon, mojawapo ya nadharia hizo, hazitangazi chembe mpya yoyote: chembe zinazoingia huachana vipande, vipande hugongana katikati ya safari, kisha huungana tena. Na katika nadharia ya mwanafizikia Zamolodchikov ya mwaka 1989, yenye chembe nane, daraja la ncha hupanda hadi 12.

Utaandikaje hapo, mwalimu? "Upekee wa mara kumi na mbili"? Kitu kikishakuwa cha pekee hakina mara ya pili, sembuse ya kumi na mbili.

"Kilele" nalo lisikuvutie. Kilele cha Rungwe mtu hufika akakaa akapumzika. Ncha hii haina juu. Na kwa jina la jumla, linalokusanya ncha na jamaa zake wote, mimi ningeandika "nukta korofi".

Muuza viazi nitaendelea kumvumilia, maana ana watoto wa kusomesha. Wewe ndiye unayewafundisha.